Kijiti Chenye Jina Langu

Jumatatu, 3 Machi
Manyunyu tangu alfajiri, upepo hakuna. Viatu vimelowa kabla sijafika kiwandani.

Leo wamekuja watu wa orodha. Wawili, mwanamke na mwanamume. Wakapanga meza karibu na chumba cha kukatia vitambaa, wakatandika kitambaa cheupe ambacho hakikupigwa pasi. Ukiwa mkaguzi wa nguo kwa miaka tisa, mambo hayo ndiyo unayoyaona kwanza. Mwanamke akatueleza: kuna watu wana saratani ya damu, dawa zimeshindwa, na kinachoweza kuwaokoa ni seli shina, yaani seli zinazozaa damu, kutoka kwa mtu mzima wa afya ambaye seli zake zinafanana na zao. Ndugu wa tumbo moja mara nyingi hawafanani. Mgeni kabisa anaweza kufanana. Kwa hiyo wanatafuta wageni, wengi iwezekanavyo. Unajaza fomu, unasugua vijiti vitatu vya pamba ndani ya shavu, vinaingia katika bahasha yenye jina lako, basi.

Hilo "basi" ndilo lililonitia wasiwasi. Sijawahi kuona jambo likaishia kwenye "basi".

Msimamizi alisimama nyuma yao, mikono mgongoni, anatabasamu. Msimamizi hatabasamu bure. Mwaka juzi walipotupima macho, eti kwa hisani, mwezi uliofuata washonaji wawili wakahamishiwa kwenye kufagia. Na mate yanasema mengi kuliko macho: mimba, magonjwa, pengine hata ulichokula jana.

Lakini kukataa mbele yake nako ni kujitangaza. Nikajaza fomu kwa mwandiko mzuri, nikatia sahihi, nikachukua bahasha na kwenda nayo kwa Mama Vifungo, ambaye mashine yake ya vifungo iko ubavuni mwa meza yangu.

"Niitikie," nikamwambia.

Hakuuliza. Hapa kiwandani tunaitikiana. Msimamizi anasoma majina asubuhi bila kuinua uso, na mtu akichelewa mwenzake anaitikia "nipo" kwa sauti ya puani. Mimi nimeitikiwa mara nne, nimeitikia wengine mara kumi na moja. Sijapata kusikia mtu akaitikiwa mate, lakini Mama Vifungo aliipokea bahasha kama anavyopokea boksi la vifungo. Baada ya robo saa ikarudi imefungwa. Nikaipeleka mezani mwenyewe.

"Asante sana, dada," mwanamke wa orodha akaniambia.

Nikamjibu karibu. Uso mkavu.

Jumanne, 4 Machi
Mvua kubwa. Mashati mia mbili na sita, yenye kasoro kumi na manne.

Alhamisi, 6 Machi
Mawingu, mvua haikunyesha. Bi Mvuke ameingia ofisini kwa Msimamizi saa nne na dakika kumi, ametoka saa nne na dakika ishirini na moja. Huyu ni mpiga pasi wetu. Tunamwita hivyo kwa sababu kutwa nzima yumo ndani ya mvuke, humwoni uso, na maneno yake kwa siku hayajazi kiganja. Mpiga pasi ana habari gani za kumaliza dakika kumi na moja?

Jumatano, 12 Machi
Mvua asubuhi, jua la kuunguza mchana. Bi Mvuke tena ofisini. Mlango ulifungwa.

"Labda wanapendana," Mama Vifungo akasema, mdomo umejaa njugu.

"Na ule uso wa Msimamizi?"

"Ndiyo maana kamwita mpiga pasi. Amnyooshe."

Tulicheka mpaka uzi ukakatika. Lakini mimi nimeandika siku.

Jumamosi, 22 Machi
Jua kidogo. Nimefua.

Jumatatu, 31 Machi
Mvua ya mawe, ya dakika chache. Mara ya tatu, Bi Mvuke ofisini, dakika tisa. Alasiri Msimamizi akatutangazia kwamba anajua kuna watu wanaitikiana, na kwamba anamngoja wa kwanza. Nani kamwambia? Hesabu si ngumu. Nimemnong'oneza Mama Vifungo ashushe sauti akiwa karibu na meza ya pasi.

Jumanne, 8 Aprili
Mvua. Mvua. Mvua. Huku nyumbani dari ya chumba cha Mama mzazi imeanza kuvuja, nimeweka ndoo.

Jumanne, 22 Aprili
Ukungu mpaka saa tatu.

Wakati wa chakula nimepigiwa simu na mwanamke. Akataja majina yangu yote matatu, kama karani anayesoma mashitaka.

"Dada, mwezi wa tatu ulijiandikisha kwetu. Kuna mgonjwa anayefanana na wewe. Tunaomba uje tuchukue damu kidogo, tuhakikishe."

"Mgonjwa gani?"

"Jina hatulitaji."

"Yuko wapi?"

"Hilo nalo hatulisemi."

"Ninyi mna jina langu, simu yangu na mate yangu. Mimi sina hata jina lake."

"Ndivyo utaratibu ulivyo, dada."

"Na utaratibu wangu ndio huu." Nikakata.

Jioni nimemsimulia Mama. Hakufikiri hata kidogo.

"Figo," akasema.

"Wamesema damu, Mama."

"Waanze na nini sasa? Wakuambie figo kwenye simu? Wewe nenda, utarudi upande mmoja mwepesi."

Nilicheka, lakini usiku nimelala chali, mikono kiunoni.

Jumatano, 23 Aprili
Manyunyu. Amepiga tena, sauti ile ile, haina hasira.

"Dada, ukitaka tukufute, sema tu nifute sasa hivi. Ni haki yako na hakuna atakayekulaumu. Ila usikate ukidhani sisi ni matapeli. Katika orodha yote amepatikana mmoja, na huyo ni wewe."

"Mmoja?"

"Mmoja. Tumetafuta na kwa wenzetu wa nje. Hakuna mwingine."

"Mkimkosa huyo mmoja?"

"Hana miezi mingi."

Sijui kilichonipata, nikasema nitakuja Jumatatu. Nikarudi mezani, nikachukua shati, nikapitisha kidole kwenye mshono wa kwapa. Hapo ndipo nikakumbuka, shati mkononi. Yale mate si yangu.

Alhamisi, 24 Aprili
Mvua nyembamba kutwa. Naandika kwa utaratibu ili nisichanganyikiwe.

Nilimpa bahasha Mama Vifungo. Kwa hiyo mate ni yake. Lakini Mama Vifungo naye alijiandikisha, kwa jina lake na bahasha yake. Kama mate ni yale yale, wangepatikana wawili, si mmoja. Kwa hiyo si yake. Kwa hiyo bahasha yangu ilipita mkono mwingine.

Nimemsubiri kwenye bomba la maji.

"Ile bahasha yangu ya Machi. Ulisugua wewe?"

"Ipi? Aa, ile. Si walisema usiwe umekula kwa nusu saa? Na mimi unanijua." Akatikisa mfuko wa njugu. "Yangu ilibidi ningoje mpaka mchana. Yako nikampa Bi Mvuke. Alikuwa amesimama tu pale."

"Bi Mvuke!"

"Alikubali mara moja. Hata hakuuliza ya nani, nilimwambia mwenyewe."

Kwa hiyo anajua. Mtu anayeingia ofisini na kufunga mlango anajua kwamba nilitia sahihi chini ya maneno "sampuli hii ni yangu" nikidanganya, na amekaa kimya wiki saba. Anangoja nini?

Ijumaa, 25 Aprili
Mvua. Nina njia tatu. Moja, nisiende. Wataniona mwoga, watanifuta, mambo yaishe. Mbili, niende nitoe damu yangu. Haitafanana, watasema maabara ilikosea, mambo yaishe. Tatu, niseme. Sahihi ya uongo, kiwanda kitaarifiwa, Msimamizi atakuwa amempata wa kwanza aliyekuwa akimngoja.

Njia mbili za mwanzo zinaisha vizuri kwangu. Kwa huyo mwingine, zote mbili zinaisha namna moja.

Jumapili, 27 Aprili
Kavu. Sikula.

Jumatatu, 28 Aprili
Mawingu mazito, mvua imeanza nikiwa njiani.

Ofisi ya orodha iko ghorofa ya pili, ngazi za saruji, ukuta umepakwa rangi ya maziwa na kuna alama za mabega ya watu waliouegemea wakingoja. Mwanamke ni yule yule wa Machi. Muuguzi akanikalisha, akanifunga mpira juu ya kiwiko, akagonga mshipa kwa vidole viwili. Nilikuwa nimeamua njia ya pili. Naiandika hapa kwa sababu ndiyo kweli. Nilipanda ngazi zile nimeamua kutoa damu yangu na kunyamaza.

Kilichonishinda ni lebo. Muuguzi alibandika kwenye chupa lebo yenye jina langu, akaisawazisha kwa kucha ili isikunjike. Kazi yangu ni kuzuia lebo isiyo ya nguo hiyo isitoke mlangoni. Miaka tisa.

"Ngoja," nikasema. "Hiyo siyo yangu."

"Mkono si wako?" muuguzi akauliza.

Nikasema yote. Mwanamke wa orodha akavuta kiti, akaketi. Nilimweleza kuhusu kuitikiana, majina ya asubuhi na sauti ya puani. Akanitazama kana kwamba namsimulia habari za mwezini.

"Yaani mtu mwingine alisugua."

"Ndiyo."

"Kwa jina lako."

"Ndiyo. Mpiga pasi. Mama mmoja hivi, mkimya."

Hapo akainuka. "Mpiga pasi wa kiwanda chenu? Mwenye sauti ya chini, anasema 'samahani' kila baada ya maneno mawili?"

"Mnamjua?"

"Ametupigia mara tatu! Siku ile alikuwa wa kwanza mezani. Tukamkataa. Mwisho wa kujiandikisha ni miaka arobaini na mitano, yeye ametimiza arobaini na sita mwezi wa kwanza. Alikuwa anapiga kutoka simu ya ofisini kwenu kuuliza kama umri umesogezwa."

Dakika kumi na moja. Sijui ya pili, sikuandika. Ya tatu, dakika tisa.

Nikauliza kama nitashitakiwa. Akasema ana mgonjwa, hana nafasi ya kesi. Akalifuta jina langu mbele yangu, kwa kalamu na rula. Akasema aliyekwisha kuandikwa anaruhusiwa kuchangia mpaka sitini, ila huyu hakuandikwa, na hajui daktari atasemaje. Akaniomba nimwambie Bi Mvuke apige simu, nisimwambie zaidi ya hapo, nisimshawishi.

Jumanne, 29 Aprili
Mvua. Nimesimama kwenye meza ya pasi wakati wa chakula. Mvuke ulikuwa umetulia, nikamwona uso kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Ana kovu dogo la pasi kidevuni.

"Shikamoo, Bi Mvuke."

"Marahaba, mwanangu. Kuna shati limerudi?"

"Hakuna. Watu wa orodha wanaomba uwapigie."

Akaweka pasi wima. "Wamesogeza umri?"

"Sijui. Bi Mvuke, ile bahasha yangu. Kwa nini ulikubali?"

"Mama Vifungo aliniomba."

"Ungeweza kukataa."

"Kwa nini nikatae? Nilitaka kujiandikisha, wakanikatalia kwa miezi miwili. Halafu inakuja bahasha yenyewe. Nikasema, mdomo ndio wanaoutaka, jina wataliona mbele."

"Una ndugu mwenye ugonjwa huo?"

"Sina."

"Ulikuwa naye?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

Akadhani sijamwelewa, akanieleza polepole, kama unavyomweleza mgeni jinsi ya kukunja kola: "Walisema kuna mtu anahitaji. Mimi ninazo. Samahani, mwanangu, pasi inapoa."

Mtu asiye na sababu ananitisha kuliko mwenye sababu mbaya.

Ijumaa, 2 Mei
Manyunyu. Daktari amekubali apimwe. Kwa maneno ya mwanamke wa orodha, mgonjwa anahitaji seli, hahitaji tarehe ya kuzaliwa.

Jumatano, 14 Mei
Jua na mvua pamoja. Ni yeye. Wamethibitisha. Moyo, ini, presha, vyote vizuri. Kaniambia mwenyewe kwenye bomba la maji, akaongeza kwamba ananyamaza nalo na mimi ninyamaze.

Bado namtazama. Nangoja sababu itoke. Labda anataka picha gazetini? Hapana, amekataa picha. Labda anataka kumjua mgonjwa? Haruhusiwi, na wala hakuuliza.

Jumanne, 20 Mei
Mvua imepungua. Nimemuuliza Mama Vifungo ni nani aliyemwambia Msimamizi kuhusu kuitikiana. Akafinya macho.

"Si wewe uliyemwitikia yule mshona mikono ya mashati siku ambayo mwenyewe alikuwepo? Mkaitikia wawili! Hata kiziwi angejua."

Ni kweli. Ilikuwa tarehe 28 Machi. Sikuiandika.

Ijumaa, 30 Mei
Kavu. Bi Mvuke ameanza sindano za kuzifanya seli shina zitoke kwenye mifupa na kuingia kwenye damu. Siku tano mfululizo. Anasema mifupa ya mapaja inamvuta kama jino linalotaka kuota. Hawezi kusimama. Imebidi aitoe ile siri, na Msimamizi amempa kiti. Mimi nimepiga pasi badala yake saa mbili, nimeunguza kola moja.

"Si uwakatalie tu?" nikamwambia. "Wamesema unaweza kuacha wakati wowote."

"Mgonjwa wameshamchoma dawa za kuua damu yake yote ili apokee yangu. Nikiacha sasa, amebaki bila chochote." Akasugua goti. "Umeiweka moto sana. Punguza."

Jumatatu, 2 Juni
Kavu, anga jeupe. Bi Mvuke kaniambia niende naye kesho. Nikasema ana dada zake, ana shemeji, kuna hata Mama Vifungo mwenye maneno ya kupoteza muda.

"Hao watanishika mkono walie," akasema. "Wewe huamini mtu. Mimi nitalala, wewe utaangalia."

Jumanne, 3 Juni
Jua tangu asubuhi, barabara imekauka kabisa.

Saa mbili na dakika tano wamemlaza. Sindano mkono wa kushoto, damu inatoka, inapita kwenye mashine ya ukubwa wa kabati dogo, mashine inachuja inachotaka, damu inarudi mkono wa kulia. Hakuna kisu. Hakuna mfupa uliotobolewa. Niliuliza kila mrija unatoka wapi na kuingia wapi, na muuguzi alinijibu vizuri mara sita, ya saba akauliza kama mimi ni mkaguzi wa wizara. Nikamwambia mkaguzi wa mashati.

Bi Mvuke alisinzia. Midomo ilimwasha, wakampa vidonge vya kalsiamu, ikapoa. Saa nne alitaka kukuna pua na mikono yote imefungwa. Nimemkuna mimi.

Saa tano nimetoka nje kidogo. Mwanamke wa orodha alikuwa kwenye korido. Nikamwomba bahasha. Hakuuliza, akaifungua, akanipa fomu, nikaandika na kutia sahihi, nikasugua mashavu yangu kwa vijiti vitatu. Alinikodolea macho tangu cha kwanza hadi cha mwisho, bila kupepesa. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Saa saba na nusu mashine imelia, imekwisha. Mfuko si mkubwa, ungetosha kwenye viganja viwili, na rangi yake ni nyekundu iliyofifia, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Bi Mvuke akafumbua macho.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Namba?"

Nikamwambia muuguzi asome namba ya kwenye mfuko kwa sauti, nami nikasoma ya kwenye kikuku cha mkono wa Bi Mvuke. Tarakimu tisa. Tulizisoma mara mbili. Akaja mwanamume mwenye boksi la baridi, akauweka mfuko ndani, akafunga mikanda miwili, akatia sahihi. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema haruhusiwi kusema. Nikamuuliza atafika lini. Akatazama saa yake, akasema, "Dada, nikikujibu nachelewa," akatoka karibu kukimbia.

Nimemfuata mpaka dirisha la ngazi. Aliingia kwenye gari, akaliweka boksi kiti cha mbele na kulifunga mkanda wa kiti kama mtoto. Gari likaondoka. Nilitazama mpaka likakata kona. Baada ya hapo sikuwa na namna yoyote ya kujua kitu.

Wanasema itapita miezi kabla ya kuambiwa kama zimeshika, na huenda tusiambiwe. Bi Mvuke nimemfikisha kwake, dada yake kampokea mlangoni. Hakusema kitu ila kwamba kesho atakuja kazini saa nne, na kwamba niache kugusa ile pasi.

Jioni Mama Vifungo kaja na mdogo wake. Wamekaa kitandani kwangu.

"Sema kweli. Walimchimba mfupa?"

"Hapana. Mikono miwili, saa tano na dakika ishirini na tano, mashine moja. Nilikuwepo muda wote ila dakika kumi."

"Na figo?" Mama akauliza kutoka chumbani kwake.

"Zote mbili amerudi nazo, Mama."

Mdogo wake Mama Vifungo akamgeukia dada yake. "Kama ni huyu anasema, mimi naenda kujiandikisha. Huyu hata jua likichomoza anatoka kuhakikisha."

Nikamwambia asile njugu kwanza.

Wameondoka. Nimejaribu kufikiri boksi liko wapi sasa, nimeshindwa, na safari hii sikutafuta mtu wa kumshuku. Nalala sasa, saa mbili na dakika arobaini.